Sura ya Saba: Beringi Haifi, Huuawa

Gari linalotoka kiwandani Japani na beringi zake za kwanza huenda kilomita laki moja na nusu, mara nyingi zaidi ya hapo, kabla gurudumu halijaanza kuvuma. Likishabadilishwa beringi moja huku Eastlands ya Nairobi, si ajabu ile mpya kuanza kulia kabla mwaka haujaisha. Mwenye gari hulaumu barabara. Barabara zetu zina makosa yake, nami sitazitetea, ila ni zilezile zilizokanyagwa na beringi ya kwanza. Yaliyobadilika ni mawili: kaunta ilikonunuliwa beringi ya pili, na namna ilivyoingizwa mahali pake. Ndiyo maana nasema beringi nyingi za Nairobi hazifi kwa uzee. Huuawa, na mara nyingi aliyetoa pesa yuko palepale, amesimama anatazama, asijue anachokitazama.

Nimeichagua Pumwani kuyaeleza haya kwa sababu mambo yote ya beringi yako hapa, ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Serikali ya kikoloni iliupima mtaa huu mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja chini ya jicho lake. Leo Gikomba iko ubavuni mwake, kunakouzwa karibu kila kitu kilichowahi kutumiwa na binadamu mwingine. Kamukunji haiko mbali, na huko chuma hugongwa kutwa: mapipa yanageuka karai, mabati yanageuka masanduku ya wanafunzi. Ukishika barabara ya General Waruinge kuelekea Kariokor, ukaendelea, unatokea Kirinyaga Road, ambayo mafundi wengi bado wanaiita Grogan, jina la yule mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan. Huko duka la spea limeshikana na duka la spea.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyowafanya wachumi wa dunia waanze kuwahesabu mafundi wa aina hii. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akaahidi wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua lililowapa jina la Jua Kali. Heshima hiyo ilichelewa. Ni wao wanaoliweka jiji barabarani kila asubuhi, na nitakayoyasema hapa chini juu ya nyundo nayasema kwa sababu najua mikono yao inaweza kufanya vizuri zaidi kuliko inavyolipwa kufanya.

Beringi yenyewe ni kitu unachoweza kukifumbata kwa kiganja. Ina pete ya nje, pete ya ndani, gololi katikati zilizotenganishwa na kizimba chembamba, grisi, na sili za mpira kila upande. Chuma chake si chuma cha mlango: kina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu karibu asilimia 1.5, kikachomwa na kupozwa hadi kikawa kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake. Gari la Probox likienda kilomita 80 kwa saa Jogoo Road, gurudumu lake huzunguka takriban mara 700 kwa dakika. Kila mzunguko, uzito wote wa kona ile ya gari, na magunia yaliyopakiwa nyuma, hupita kwenye gololi chache tu, na kila gololi hugusa pete mahali padogo kuliko punje ya mchele. Mahali hapo pakiwa na kovu, hata lisiloonekana kwa macho, gololi italipiga kila inapopita. Kovu litakua. Chuma kitaanza kubanduka magamba, magamba yatachanganyika na grisi, na kuanzia hapo beringi inajisaga yenyewe.

Mwenye gari huanza kusikia mvumo kama wa ndege ya mbali, karibu na kilomita 50 au 60 kwa saa. Wengi hulikimbilia tairi. Wana sababu, maana tairi lililolika kwa mawimbi huvuma vilevile. Hamisha matairi ya mbele nyuma, na sauti ikihama nayo, beringi haina kosa. Mvumo wa beringi hufuata mwendo wa gurudumu, haufuati injini. Ukiondoa mguu kwenye mafuta injini ikatulia, mvumo hubaki, hushuka polepole kadiri gari linavyopunguza mwendo. Kwenye kona ndiko beringi hujitaja. Gari likikata kushoto, uzito huhamia kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku gurudumu la kulia. Ukizidi unapokata kulia, shuku la kushoto. Halafu piga jeki, tia mawe nyuma ya magurudumu mengine, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mkono wa pili ushike springi ya shoki. Beringi mbovu hutuma mtikisiko hadi kwenye springi, na vidole huupata kabla ya masikio. Shika pia gurudumu juu na chini ulitingishe: likicheza, usiende nalo safari.

Kuna dalili moja ambayo madereva wachache huiunganisha na beringi. Pedali ya breki huanza kushuka chini zaidi ya kawaida kwenye mguso wa kwanza, na ukiikanyaga mara ya pili inarudi juu. Diski inayoyumba pamoja na beringi iliyolegea inazisukuma pedi nyuma, kwa hiyo breki inaanza safari yake kutoka mbali. Mtu huongeza mafuta ya breki, hubadilisha pedi, hutoa hewa kwenye mabomba, na gonjwa liko palepale kwenye habu. Likiachwa, mwisho wake ni gurudumu kujifunga au kuchomoka, na katika barabara yenye watembea kwa miguu wengi kama General Waruinge sihitaji kueleza maana yake.

Kinachoiharibu beringi nzima ni maji kwanza. Sili huzuia vumbi na maji ya mvua yanayoruka, haikuundwa kuogelea. Katika mvua za masika ya mwaka 2024, Mto Nairobi ulipofurika, magari yalikatiza maji yaliyofika juu ya habu. Beringi yenye joto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia ukingo wa sili. Kutu huanza kimya. Pili ni kishindo: shimo, tuta lisilopakwa rangi, ukingo wa lami unaogongwa wakati wa kuegesha. Tatu ni tamaa ya rimu pana na vipande vya kuzisukumia nje, ambavyo vijana huvipenda sana. Uzito unatoka katikati ya beringi na kuanza kuipinda kila mzunguko. Haya yote hupunguza umri. Hayaelezi beringi inayokufa kabla ya mwaka.

Kabla ya kwenda dukani, tazama kwanza mkokoteni. Mingi ya mikokoteni inayopandisha mizigo kutoka Gikomba hubebwa na ekseli ya gari la zamani, na ndani ya habu zake mna beringi za rola zilizochongwa mshazari, ndogo upande mmoja na nene upande mwingine. Aina hii haikuanzia kwenye motokaa hata kidogo. Henry Timken, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1898, alikuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na wanyama katika mji wa St. Louis, na tatizo alilotaka kulimaliza ni lilelile la hamali wa Gikomba: gari lenye shehena linapokata kona, gurudumu halibebi uzito wa kushuka tu, linasukumwa na ubavuni pia. Rola ya mshazari hubeba yote mawili. Kwa hiyo mkokoteni wa Gikomba umeirudisha beringi ya Timken kwenye kazi iliyoundiwa.

Uzuri wa beringi hii ni kwamba inafunguka. Unaiosha kwa mafuta ya taa, unaikausha, unaishindilia grisi mpya kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili kati ya rola, unaweka sili mpya. Unakaza nati huku unazungusha habu ili rola zikae vizuri, unailegeza, kisha unairudisha kwa vidole hadi mchezo uishe karibu wote, na unatia pini. Anayekaza hadi mwisho kwa spana huiunguza. Nimewaona wasukuma mikokoteni wakifanya kazi hii pembeni ya barabara kwa uangalifu ambao magereji mengi hayaufikii, na sababu ni wazi: mkokoteni mzito wanausikia kwenye migongo yao wenyewe. Magari ya zamani ya kuendeshwa na magurudumu ya nyuma yalikuwa na beringi kama hizi mbele. Ufundi wa Nairobi ulilelewa nazo, na tabia za nyundo na patasi zilifaa kwazo.

Gari dogo la leo ni jambo jingine. Mbele, magari mengi madogo ya Toyota ya miaka ya 2000 yana beringi iliyofungwa kabisa, ya safu mbili za gololi, inayoingizwa kwa nguvu kwenye kile chuma kinachobeba habu. Nyuma huwa na habu nzima inayokuja na beringi yake ndani na kufungwa kwa bolti nne. Ya nyuma ni rahisi: unafungua bolti, unaweka nyingine. Ya mbele ndiyo inayouawa.

Sasa kaunta. Swali la kwanza la mwenye duka ni, "Mkubwa, unataka orijino ama ya kawaida?" Swali hilo ni la haki, maana kuna beringi halali za bei nafuu zisizojisingizia jina la mtu. Hatari ni ya tatu, ile isiyotajwa: ya kawaida iliyovaa boksi la orijino. Majina yanayoigwa ni yale yanayoaminika, kama Koyo, NSK, NTN na SKF. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 imeweka mamlaka ya kuwakamata wauzaji, lakini mamlaka hayatasimama nawe Kirinyaga Road Jumamosi mchana.

Soma chuma, usisome boksi. Namba huchorwa kwenye pete yenyewe, na nyingi za magurudumu huanza na DAC. Chukua DAC39720037: 39 ni kipenyo cha tundu kwa milimita, 72 ni kipenyo cha nje, 37 ni upana. Ukiwa na beringi ya zamani mkononi na vernia ya dukani, unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kumwamini mtu. Maandishi ya orijino ni membamba, makali, yamelingana. Ya bandia mara nyingi yana kina kisicho sawa au yanafutika kwa kidole chenye petroli. Namba ya chuma na ya boksi lazima zifanane herufi kwa herufi. Kwa bidhaa za SKF ipo programu ya simu ya kampuni yenyewe ya kupiga picha na kuomba ihakikiwe.

Izungushe. Beringi mpya ya kufungwa ina grisi, kwa hiyo huzunguka kwa uzito mdogo na ulaini. Ikizunguka kwa wepesi wa kichezeo cha mtoto, grisi ni haba. Ukisikia chembe, irudishe. Lakini usiikatae kwa sababu pete za ndani zinacheza kidogo mkononi. Ziko mbili, na nati ya shafti ndiyo inayozibana pamoja zikishafungwa. Wateja wengi huikataa beringi nzuri kwa kosa hili na kuchukua mbovu iliyobana.

Kinachoitofautisha bandia hasa hakionekani. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma hadi zote zikawa mviringo kamili na za ukubwa mmoja, na tasnia nzima ya beringi imesimama juu ya jambo hilo. Gololi moja ikiwa kubwa kidogo kuliko wenzake, inaubeba uzito wa wenzake. Bandia hukosa hapo, na kwenye ugumu wa chuma, na hakuna jicho la dukani linaloweza kuvipima. Ndiyo maana duka lenye jina la kulinda, linalokubali kuandika namba kamili ya beringi kwenye risiti, linastahili bei yake. Na pale ambapo pesa haitoshi, ningechukua mguu mzima uliotumika wa eksi-Japani, chuma na habu na beringi iliyoingizwa kiwandani, kabla ya kuchukua mpya yenye jina la wizi. Uzungushe kwanza, usikilize, uangalie kutu karibu na sili.

Nenda dukani mwenyewe. Mwenye gari akikaa gereji na kumtuma kijana, bei huongezwa njiani, na ili nyongeza itoshee kwenye bajeti, beringi hushushwa daraja. Simlaumu kijana wala fundi kwa wepesi. Mteja aliyebishana hadi kazi ya nusu siku ikawa ya pesa ya chai amemlazimisha fundi atafute mshahara wake ndani ya spea. Lipa kazi kama kazi, na utakuwa umenunua beringi bora.

Tufike kwenye mauaji yenyewe. Nati ya shafti hulegezwa gari likiwa bado chini kwa magurudumu yake. Kalipa hutolewa na kufungwa kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa bomba lake la mafuta. Senza ya ABS hutolewa taratibu, maana huvunjika. Kisha chuma chote kinachobeba habu kinatoka garini. Hapa ndipo njia zinaachana. Njia moja inaenda kwenye presi ya haidroliki, na mitaa ya Eastlands inazo nyingi, kwa waunda mageti na kwa wachongaji wa vyuma. Njia nyingine ni kipande cha paipu, jiwe, na nyundo ya ratili nyingi.

Fundi wa nyundo atakwambia imeingia, na kweli imeingia. Lakini pigo la nyundo linapotua kwenye pete ya ndani wakati ya nje ndiyo inayobana, nguvu yote hupita kwenye gololi. Kila gololi huacha kibonyeo kwenye njia yake. Mhandisi wa Uswidi, Johan August Brinell, alionyesha dunia mwaka 1900 jinsi ya kupima ugumu wa chuma kwa kukibonyeza na gololi; fundi wa nyundo anakirudia kipimo hicho ndani ya beringi yako, mara kadhaa kwa kila pigo. Gari linaondoka kimya. Baada ya wiki kadhaa mvumo unarudi, na duka linalaumiwa hata pale beringi ilipokuwa halali.

Kwenye presi kanuni ni moja, na ndiyo ya kuisimamia kwa macho yako. Beringi inapoingia kwenye chuma, inayosukumwa ni pete ya nje. Habu inapoingia kwenye beringi, inayoegemezwa kwa chini ni pete ya ndani. Nguvu isipite kwenye gololi hata mara moja. Fundi mzuri atatafuta pete ya zamani au kipande cha paipu chenye kipenyo sawasawa, atakinyoosha kwa jicho, atasukuma kidogo, atasimama kuangalia kama inaingia wima, ndipo aendelee. Kabla ya hapo atakuwa ameondoa nusu ya pete ya ndani inayobaki kwenye habu, akiikata kwa grainda bila kuigusa habu yenyewe, na atakuwa amesafisha tundu hadi ling'ae. Tundu likiwa limelika na beringi inaingia kwa kidole, mtu ataleta bati la mkebe alifunge kuizunguka. Mkatalie. Beringi iliyobanwa na bati haiko duara tena. Chuma hicho kimekwisha, tafuta kingine. Mkatalie pia wa moto wa gesi, kwa sababu moto unaua grisi na kulainisha chuma.

Kwa magari yenye ABS, upande mmoja wa beringi una sili yenye sumaku, kwa kawaida nyeusi zaidi, na senza husoma mapigo yake. Upande huo uelekee senza. Klipu nyepesi ya kubania karatasi itakuonyesha sumaku iko wapi. Ukiwekwa kinyume, taa ya ABS itawaka siku hiyohiyo na beringi itabidi itolewe, na ya aina hii ikishatolewa kwa presi hairudishwi.

Mwisho ni nati ya shafti. Weka mpya. Hiyo ndiyo inayozibana pete mbili za ndani, na kwa Corolla nyingi hukazwa kwa zaidi ya nyutoni mita 200. Bila spana ya kupimia, fundi hukisia kwa uzito wa mwili wake, na miili haifanani. Gari lisisukumwe hata hatua chache nati ikiwa imelegea, kwa sababu uzito ukishuka kwenye beringi isiyobanwa unaiharibu kabla haijafanya kazi. Nati za gurudumu, kwa Toyota ndogo nyingi, ni nyutoni mita 103, na zirudiwe kukazwa baada ya kilomita mia moja hivi.

Kukodi presi ni sehemu ndogo ya gharama yote, na ndiyo sehemu ambayo mteja hupenda kuiokoa. Basi kabla fundi hajagusa nati ya kwanza, mwambie hivi: presi nalipa mimi, kando na kazi yako, na nitakuwepo inapoingia.